Sura ya Sita: Jasusi Asiye na Mwajiri

Aristablus Elvis Musiba hakuandika ili ale. Alikuwa mfanyabiashara, na aliwahi kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, ile tunayoifahamu zaidi kwa jina la TCCIA. Lakini mtajie jina lake mtu aliyekuwa kijana miaka ya themanini uone kama atakuuliza habari za chemba. Atakuuliza kama bado unacho *Kikosi cha Kisasi*, na kama unacho, umwazime, atakirudisha keshokutwa. Usimpe. Hatakirudisha.

Naanza na kazi yake ya mchana kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Tunapowazungumzia waandishi wa riwaya za kijasusi tunazungumzia bastola, ndege, hoteli na wanawake wenye majina ya kigeni. Hatuulizi nani alilipia karatasi. Na katika Kiswahili swali la karatasi haliko mbali hata kidogo na swali la bastola. Njia ambayo kitabu kilipita hadi kumfikia msomaji ndiyo iliyoamua jasusi wetu awe mtu wa namna gani, aishi muda gani, na hata sura ya kitabu ikatwe wapi.

Mtazame Willy Gamba. *Kufa na Kupona*, kitabu kilichomleta duniani, kilitolewa Nairobi mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika la umma lililokuwepo tangu 1948. Gamba naye ni mtumishi wa umma. Ana mkubwa wake anayemwita Chifu, ana ofisi, ana safari za kikazi, na akiitwa usiku anavaa na kwenda. Kesi yake ya kwanza inahusu nyaraka za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilizoibwa. Hilo Musiba hakulitoa hewani. Kamati hiyo iliundwa 1963 na makao yake yalikuwa Dar es Salaam kweli. FRELIMO, ANC, MPLA, SWAPO, wote walikuwa na watu wao mjini hapa, na pale walipo wapigania uhuru hawakosekani wanaowafuatilia.

Mji wenyewe ulikuwa umeshaandika sura kadhaa kabla ya Musiba kushika kalamu. Aprili 1965 Che Guevara alipita Dar es Salaam kwa siri, akavuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma kwenda kupigana Kongo, na mambo yalipomwendea vibaya alirudi akajificha katika ubalozi wa Kuba jijini, akawa anaandika kumbukumbu za vita ile. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Mwandishi wa riwaya angeogopa kukibuni kisa kama hicho. Wahakiki wangemwambia amezidisha chumvi.

Kwa hiyo habari zilikuwepo, na kwa miaka michache mchapishaji naye alikuwepo. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Bureau ikavunjika nayo. Wakenya waliendelea na Kenya Literature Bureau yao. Upande wa Tanzania ikafuata vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na karatasi ikawa bidhaa ya kuombewa kibali. Shirika la umma lililobaki na karatasi kidogo lilikuwa na vitabu vya shule vya kuchapa, na ukiniuliza mimi, lilifanya sawa kuvitanguliza. Lakini hesabu hiyo haikuacha nafasi ya Willy Gamba. *Kikosi cha Kisasi*, kinachompeleka Kinshasa, kilitoka 1979 kwa wachapishaji wadogo wa Dar es Salaam, na tangu hapo riwaya pendwa ya Kiswahili ikawa kazi ya watu binafsi, wengi wao wakiwa waandishi wenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua kuwa huru. Walijikuta peke yao.

Aliyeigeuza hali hiyo ikawa mtindo wa maisha ni Ben Mtobwa. Huyu alizaliwa Kigoma mwaka 1958, akawa mwandishi wa habari na mhariri, kisha akaanzisha kampuni yake, Heko Publishers. Aliandika, akahariri, akachapisha na kuuza. Shujaa wake ni Joram Kiango, na hapa ndipo ninapomtaka msomaji aangalie kwa makini. Kiango hana Chifu. Hana cheo wala hati ya kusafiria aliyokatiwa na idara. Polisi wanamhitaji na wakati huo huo wanamtilia shaka. Serikali inamtafuta mambo yanapoharibika, naye anakuja akitaka. Anapambana na makaburu wa Afrika Kusini katika *Tutarudi na Roho Zetu?* kama mtu anayeendesha duka lake mwenyewe.

Siwezi kuthibitisha kwamba Mtobwa alimnyang'anya shujaa wake mwajiri kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa naye. Riwaya hazizaliwi kwa hesabu nyepesi namna hiyo. Na kuna ushahidi wa kunipinga: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzee wa kiko, naye hana mwajiri, lakini mwandishi wake alikuwa mtu wa ajira maisha yake yote, akianza kama mkaguzi wa afya Zanzibar, kisha mhariri wa magazeti, hadi gazeti la *Mkulima*, alilolihariri mpaka alipostaafu 1968. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, kilitolewa na Bureau hiyohiyo. Sawa. Lakini Bwana Msa ni mpelelezi wa barazani. Anafumbua fumbo kwa kufikiri, na kufikiri hakuhitaji tiketi. Jasusi anahitaji nauli. Ukimwandika jasusi lazima useme nani anamlipia, na hapo maisha ya mwandishi huingia kitabuni hata bila kukaribishwa.

Hata huko walikobuniwa majasusi maarufu mambo yalianzia kwenye mshahara. Ian Fleming alifanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita, lakini James Bond alimwandika akiwa mwajiriwa wa kampuni ya magazeti, kwa mkataba uliompa likizo ndefu kila mwaka kwenda nyumbani kwake Jamaika. Likizo ndiyo iliyozaa *Casino Royale*, 1953. John le Carré aliandika vitabu vyake vitatu vya kwanza akiwa bado mtumishi wa idara za siri. Cha tatu, cha 1963, kiliuzika kiasi cha kumwezesha kuacha kazi. Miaka mingi baadaye le Carré huyo alikuja kutafuta habari kwenye maziwa yetu. Katika *The Mission Song* ya 2006 mhusika mkuu ni mkalimani mzaliwa wa Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazomletea ugali na balaa.

Nao wanaojitegemea huko, je? Mfano unaotajwa sana ni Barry Eisler, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi CIA. Mwaka 2011 alikataa mkataba wa vitabu viwili wenye thamani ya dola 500,000 akatangaza atachapisha mwenyewe. Baadaye kidogo kitabu chake kilitoka kwa tawi la uchapishaji la Amazon, jambo lililowafanya wengine wacheke kidogo, lakini hoja yake ilikuwa imeshasikika. Nakitaja kisa hiki kwa sababu waandishi vijana wa kwetu hukinukuu kana kwamba ni chao. Si chao. Eisler aliuona mlango uko wazi, akakataa kuingia. Mtobwa hakuona mlango; aliona ukuta, akajenga kibanda upande wa nje. Uhuru wa aina hizi mbili una gharama tofauti, na anayeuchanganya huishia kupanga bajeti ya Marekani kwa kipato cha Mbagala.

Jirani yetu wa kufaa zaidi ni David Maillu wa Kenya. Miaka ya mwanzo ya sabini alianzisha Comb Books Nairobi, akatoa vitabu vidogo vya Kiingereza vilivyouzwa kwa kasi iliyowashangaza maprofesa na kuwakera wachungaji. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku, na kwa mchapishaji mdogo kufungiwa soko la nchi nzima ni pigo zito. Mwaka 1980 Maillu akaja na jasusi, Benni Kamba 009, katika *The Equatorial Assignment*. Safari hiyo hakujichapisha. Kitabu kilitolewa na Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters. Mtu aliyeuza kwa jasho lake vitabu vya mapenzi na ulevi alipofika kwenye ujasusi alitafuta kampuni kubwa. Sidhani ni woga. Jasusi anazunguka nchi nyingi na anahitaji kuuzwa katika nchi nyingi, na hilo mtu mmoja mwenye gari moja haliwezi.

Sasa twende kiwandani, kwa sababu hapo ndipo riwaya nyingi hupata umbo lake la mwisho.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Mashine ya kawaida huchapa karatasi kubwa, kurasa nane upande huu, nane upande ule. Ikikunjwa inakuwa kijitabu cha kurasa 16. Vijitabu hivyo hupangwa, vikagundishwa au kupigwa pini mgongoni, vikavishwa jalada, vikakatwa kingo. Ndiyo maana riwaya nyingi pendwa zina kurasa 96, au 112, au 128. Si kwamba waandishi wote walikuwa na pumzi sawa. Ni hesabu ya 16.

Mwandishi aliyechapishiwa na kampuni halijui jambo hili. Anayejichapisha analijua usiku wa manane. Amemaliza hadithi, ameipanga kwenye kompyuta, ameweka ukurasa wa jina, wa hakimiliki, wa namba ya ISBN aliyoiomba Bodi ya Huduma za Maktaba, wa kumshukuru mama. Jumla: kurasa 131. Kesho fundi anaitazama, anatikisa kichwa. "Bosi, umezidi tatu." Tatu tu? Tatu tu, lakini hizo tatu zinataka karatasi nyingine, pleti nyingine, mashine iwashwe tena, mara nakala 1,000. Kuna njia mbili. Kupunguza herufi kutoka pointi 11 hadi 10, wazee wasisome. Au kukaa chini ukatafute kurasa tatu za kukata, na katika riwaya ya kijasusi kitu cha kwanza kinachokatika bila kuvuja damu ni maelezo: mandhari ya bandari, utoto wa adui, sababu za mtu kuisaliti nchi yake. Kufukuzana kwa magari hakukatwi. Wahakiki wanaolalamika kwamba maadui katika riwaya pendwa hawana undani wangefaa wapitie kiwandani kwanza. Mwingine hupungukiwa, akaishia kurasa 123, na zile tano zinazobaki tupu anazijaza matangazo ya vitabu vyake vingine, pamoja na kile ambacho bado hajakiandika.

Baada ya kiwanda kuna mauzo, na hapo ndipo wengi huangukia. Duka la vitabu linapokea mzigo kwa mali kauli: acha nakala kumi, njoo baada ya miezi mitatu uone zimeuzwa ngapi. Ukirudi unaambiwa aliyezipokea ameacha kazi. Wauzaji wa barabarani, wale wanaotandaza vitabu chini karibu na Posta au Mnazi Mmoja, ni waaminifu zaidi kwa maana moja tu: hulipa papo hapo, lakini hulipa kidogo. Mikoani kitabu husafiri kwa basi. Mwandishi anafunga bando la nakala ishirini kwa gazeti na gundi ya karatasi, anaandika namba ya simu ya mpokeaji kwa kalamu nene, anapanda daladala hadi stendi ya Mbezi, anamkabidhi mtu wa mizigo, anapiga picha ya risiti na kuituma Mwanza. Kesho yake jioni anapigiwa. "Kaka, mzigo nimeupata, ila nakala moja imelowa." Anatuma nyingine bure. Huyo ndiye idara ya usambazaji.

Hakuna mzaha katika hilo. Lakini angalia kinachotokea kwenye uandishi wake. Mtu anayefunga mabando, kudai madeni, kukagua jalada na kujibu simu za Mwanza anaandika saa ngapi? Wengi ninaowafahamu huandika kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya kazi ya mshahara. Wachache huandika usiku, na wachache zaidi wamejifunza kuandika kwenye simu wakiwa ndani ya mwendokasi. Sura zao ni fupi, na sentensi zao zinakimbia. Mhusika akiingia chumbani hatuambiwi rangi ya pazia isipokuwa kuna mtu nyuma yake. Mtindo huo umesifiwa kuwa ni kasi ya riwaya pendwa, na ni kasi kweli, ila sehemu yake ni kasi ya mtu anayetazama saa.

Kitu ambacho uhuru huu umekigharimu zaidi ni mhariri. Simaanishi msahihishaji wa herufi. Huyo hupatikana, kwa kawaida ni mwalimu wa Kiswahili anayelipwa kwa nakala tatu za kitabu. Namaanisha mtu mwenye mamlaka ya kukwambia hapana. Riwaya ya kijasusi inahitaji mtu wa aina hiyo kuliko riwaya ya mapenzi, kwa sababu msomaji wake anahesabu. Bastola ya risasi sita ikipiga mara nane, msomaji wa Tabora ameona. Mhusika akipanda basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza mwaka 2010, msomaji huyo anakitupa kitabu pembeni, maana anakumbuka vizuri kwamba mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 2023. Kosa kama hilo halionwi na anayeliandika. Kichwani mwake basi limeshaondoka.

Mhariri angesema pia neno kuhusu wanawake. Katika vitabu vingi vya aina hii, vya zamani na vya sasa, mwanamke anaingia akiwa mrembo, anatoka akiwa maiti au zawadi. Nuru wa Joram Kiango ana akili na anashiriki kazi, na wasomaji wanamkumbuka, jambo linaloonyesha kwamba soko halikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kwamba mwandishi, mlipaji na mwidhinishaji walikuwa mtu mmoja, tena mwanamume, naye alijikubalia kila alichojiandikia.

Kuna wanaodhani kwamba ugumu mkubwa wa mwandishi wa riwaya za kijasusi ni kuzijua siri. Hapana. Siri hazihitaji, na ni afadhali asiwe nazo: Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina adhabu nzito kwa anayeshika au kusambaza nyaraka za siri za serikali, na haina kifungu cha kumhurumia mtunzi. Anachohitaji ni mambo ya wazi yaliyopangwa vizuri. Kivuko kinaondoka saa ngapi. Kontena likifika bandarini nani analigusa wa kwanza. Ukitoka Kasumulu upande huu wa mpaka wa Malawi, gari linasimamishwa mara ngapi kabla ya Mbeya. Mshushushu aliyestaafu hatakwambia lolote la maana hata ukimnunulia supu ya asubuhi mwezi mzima, lakini wakala wa forodha atakueleza kwa saa mbili jinsi mzigo unavyobadilishwa jina kwenye makaratasi, na ukimwachia nafasi ataendelea hadi magharibi. Naamini hapo ndipo Musiba alipowazidi wenzake. Mfanyabiashara anajua hoteli, ndege, benki na mipaka kwa sababu anavitumia. Gamba anapotua mji wa ugenini anajua la kufanya kwanza, na hilo halitoki kwenye filamu.

Vilevile mfanyabiashara anajua nchi jirani zina nini. Gamba alikwenda Nairobi, akaenda Kinshasa, na katika *Uchu*, kitabu cha mwaka 2000, akashughulika na Maziwa Makuu yaliyokuwa bado yanavuja damu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya jasusi wetu na Bond. Bond analinda himaya inayosinyaa. Gamba alizaliwa akilinda ukombozi wa watu wengine, na ukombozi ulipokamilika mwaka 1994 ilibidi atafutiwe kazi nyingine. Waandishi wa baada yake bado wanaitafuta. Magendo ya dawa za kulevya, meno ya tembo, ugaidi, wizi wa kimtandao: yote yameandikwa, na baadhi vizuri, lakini hakuna lililompa shujaa sababu ya kuamka kama ile aliyokuwa nayo Dar es Salaam ya 1974. Siwalaumu. Adui wa zamani alikuwa na bendera.

Kilichobadilika kuliko vyote ni simu. Hadithi za mfululizo si ngeni. Magazeti yamezichapa miaka nenda rudi, na Eric Shigongo alijenga sehemu kubwa ya jina lake kwa visa vilivyotoka gazetini kila wiki kabla ya kuwa vitabu. Ila gazeti lilikuwa na mwenyewe. Simu haina mhariri mkuu. Tangu fedha za simu zilipoingia, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mwandishi ameweza kufanya kitu ambacho Mtobwa hakuwahi kukiota: kumuuzia msomaji sehemu moja ya hadithi, saa nne usiku, kwa fedha ya soda, na kulipwa kabla msomaji hajaisoma.

Utaratibu wake kwa kawaida ni huu. Sehemu kumi za mwanzo zinatolewa bure kwenye kundi la WhatsApp. Ya kumi inakatika jasusi akiwa amefungwa kitini na mlango unafunguliwa. Chini yake: "Itaendelea. Kupata sehemu ya 11 hadi 40, lipia namba hii, kisha tuma jina lako." Usiku ule ule majina yanaanza kuingia. Mwuguzi yuko zamu Dodoma. Mlinzi wa ghala Tabata. Dada wa Muscat anayetuma kupitia kwa mdogo wake aliyeko Tanga kwa sababu laini yake ya Oman haina huduma hiyo. Mwandishi anawaingiza mmoja mmoja kwenye makundi ya waliolipa, na kabla hajamaliza mtu ameshanakili sehemu ya 11 na kuitupa kwenye kundi lingine la watu 200. Naye anajua. Katika sehemu ya 12 anabadili jina la mhusika mdogo kwa kila kundi, ili akilikuta jina hilo mtaani ajue limevuja kutoka wapi. Mbinu hiyo majasusi wa kweli wameitumia tangu zamani kunasa wasaliti wa ofisini, na sijui kitu kingine kilichotoka kwenye fani yao kikamfaa mwandishi moja kwa moja kiasi hicho.

Malipo ya sehemu kwa sehemu yana masharti yake. Kila sehemu lazima ikatike pabaya, kwa hiyo hakuna sehemu inayotulia. Msomaji anaandika papo kwa papo, na maneno yake yana uzito kwa sababu amelipa: "Mtunzi, ukimuua Inspekta narudishiwa hela yangu." Mtunzi anamwacha Inspekta hai. Hadithi iliyopangwa sehemu 40 inafika 75 kwa kuwa watu bado wanalipia. Halafu inatakiwa iwe kitabu cha karatasi, na anagundua kwamba kisa kilichokatika pabaya mara 75 kikisomwa mfululizo kinachosha kama mtu anayegonga mlango bila kuingia. Wanaofanya kazi hii vizuri huandika upya kila kitu. Nimewaona wakitupa theluthi nzima. Hao ndio nitakaotafuta vitabu vyao miaka kumi ijayo.

Limebaki jambo ambalo halisemwi kwenye semina za uandishi kwa sababu linaleta nuksi: kifo cha mwandishi, si cha mhusika. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 kazi inaendelea kulindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa, maana yake Joram Kiango ni mali ya warithi hadi 2058 na Willy Gamba hadi 2060. Mwandishi wa kampuni akifa, kampuni inabaki na mkataba, na mjane anajua ofisi ya kwenda kuuliza. Anayejichapisha akifa, kampuni imekufa naye. Faili za kurasa ziko kwenye kompyuta yenye nywila aliyoijua yeye. Madeni ya mali kauli yako kwenye daftari lenye vifupisho. Namba ya kulipia inasomeka kwa jina lake, na laini isipotumika inafungwa. Wakati familia inatafuta cheti cha mirathi, kuna mtu ameshaskani kitabu chote na kukisambaza bure.

Waandishi wachache wa kizazi hiki wameanza kujipanga. Nimeona wosia wa kurasa mbili ambao nusu yake ilikuwa shamba na nyumba, na nusu nyingine orodha ya riwaya: jina la kitabu, ISBN, faili liko wapi, fundi gani alichapa, nani anadaiwa nakala ngapi, na mstari mmoja kwa mtoto wa kwanza ukimruhusu kuajiri mtu wa kumwendeleza shujaa, kwa sharti kwamba asimwozeshe.